Zizi la Sebuleni

Kwenye sebule yetu hapa Ngokolo, Shinyanga, kila kitu kimevaa. Televisheni imevaa, redio imevaa, migongo ya makochi imevaa, na hata jagi la maji lina kofia yake yenye shanga pembeni. Mama yangu mzazi anafuma vitambaa tangu alipohamia kwangu baada ya baba kufariki, na kitu kikibaki uchi mbele ya wageni anaona haya kana kwamba ni mwanawe. Jambo hilo nalijua siku zote, kwa hiyo yaliyonipata siwezi kusema sikuyatarajia.

Mimi nina duka dogo la stesheneri hapa mtaani. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachapa kadi za harusi na barua za kuombea kazi. Kompyuta nimezijua kwa kugombana nazo. Subira sina, lakini nikishakikasirikia kitu sikiachi mpaka kikubali, na ndivyo nilivyojikuta kwenye habari za seva, kompyuta ya kuhifadhia vitu vya nyumba nzima. Diski yangu ya nje, ambamo nilikuwa nimehifadhi picha za binti yangu tangu anatambaa mpaka anamaliza chuo, siku moja ilianza kulia tik, tik, tik, kisha ikanyamaza. Nikaitikisa. Nikaibembeleza. Nikaitukana. Fundi wa mjini akanielekeza kwa mtu wa Mwanza, na mtu wa Mwanza akaniambia pole.

Nililia, sitaficha. Nilipomaliza kulia nikakasirika, nikaapa kwamba ndani ya nyumba yangu hakuna kitu cha maana kitakachokaa tena mahali pamoja tu. Na kulikuwa na kitu kimoja cha maana kuliko picha zote, ambacho hata mikononi mwangu hakikuwepo.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Geita, ana karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu kuwa unga. Marehemu baba aliwahi kwenda kukaa kwake akitibiwa macho, na siku moja mdogo wangu akamwekea simu mbele ya mdomo, akamwambia asalimie nyumbani. Baba hakuwa mtu wa simu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa ng'ombe. Lakini siku hiyo aliongea sana, na sehemu kubwa aliongea na binti yangu, ambaye kwake alikuwa ‘mke wangu' tangu siku aliyozaliwa, kama babu zetu wanavyotaniana na wajukuu wa kike. Sauti hiyo ilibaki ndani ya simu ya mdogo wangu peke yake. Sisi tulisimuliwa tu.

Sasa binti yangu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Maganzo, mchana anafundisha shule, jioni anatengeneza redio. Mambo yalipoiva binti akanijia dukani akaniambia, “Mama, kitu kimoja tu nataka siku ya sendofu, mkiniaga. Nataka babu aongee.”

Nikampigia mdogo wangu simu. “Itume,” nikamwambia.

“Dada, ni ndefu sana, bando langu haliwezi.”

Nikamtumia bando. Akalimalizia kwenye mpira. Nikamtumia lingine, akasema mtandao wa karashani unasuasua. Nikamwambia aende mjini Geita kwenye mtandao mzuri, akasema akienda mjini anasahau. Kuipeleka simu kwa fundi aitoe sauti hiyo hakutaka kabisa, kwa sababu kuiacha simu kwa mtu asiyemjua hawezi. Nafikiri ukweli ni kwamba alikuwa akiisikiliza peke yake jioni, na hakupenda kuigawa. Sikumlaumu sana. Nilimlaumu kiasi.

Basi nikaamua kujenga. Mashine yenyewe nilimwagiza huyohuyo mdogo wangu aitafute Geita, kwa sababu kule vifaa vya ofisi vilivyokwisha kutumika huishia kwenye meza za kandokando ya barabara, bei yake ya kuongea. Ikaja kwa basi, imefungwa kwenye mfuko wa unga: kompyuta ndogo yenye unene wa kitabu cha sala, haina kioo, haina kibodi, ina taa moja ya kijani mbele. Nikaiongezea diski mbili ambazo zote zinaandikwa kitu kilekile, ili moja ikianza tik tik nyingine ipo. Nikaiweka pembeni ya televisheni, nikaiunganisha na waifai.

Mama aliacha kufuma akaitazama. “Inakula?” akauliza.

“Kidogo sana mama. Kuliko hata taa ya barazani.”

“Taa ya barazani asubuhi inazimwa. Hii inazimwa lini?”

“Haizimwi.”

Akaitikia kwa kichwa. Lakini kwa siku kadhaa kila nilipopita koridoni nilimkuta amesimama mbele ya mita ya umeme akiisoma kama gazeti. Mwishowe nikachoka kuangaliwa kama mwizi. Tulikuwa na sola ndogo juu ya bati, ya zamani, na betri yake iko chini ya meza haina kazi. Nikaihamishia mashine huko. Nikamwambia mama kuanzia leo inakula jua, na jua halijawahi kutuletea bili. Hapo akarudi kwenye uzi wake.

Kumweleza kazi yake ndiko kulikonipa raha. Nilihangaika na maneno, nakala, hifadhi, mara bakapu, mama ananiangalia tu. Kisha nikamkumbuka baba. Baba hakuwahi kuwaweka ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine walikuwa kwa shemeji yake upande wa Ushirombo, wengine kwa rafiki yake ng'ambo ya mto, wenyeji wanakunywa maziwa na kuwatunza, lakini ng'ombe ni wa baba. Mwaka ambao ugonjwa ulipita kwetu ukafagia, tuliinuka tena kwa wale wa Ushirombo. Nikamwambia mama picha zetu zilikuwa zizi moja, sasa nazigawa.

“Kwa hiyo hili ni zizi,” mama akasema.

“Ndiyo.”

“Na humo ndani wanazaana?”

“Hapana mama.”

“Basi si zizi zuri sana.” Akavuta uzi. Lakini kuanzia siku hiyo mashine ikaitwa Zizi, na hakuna mtu wa nyumba hii anayeiita seva.

Niliipanga hivi: simu yoyote ya familia, nikishaiwekea programu yake, ikiwa kwenye chaja na imeshika waifai ya nyumbani, inajinakili yenyewe kwenye Zizi. Lazima iwe kwenye chaja, maana sikutaka kulaumiwa kwa kumaliza chaji za watu. Simu yangu ilikuwa ya kwanza. Nikaichomeka, nikakaa chini nikitazama taa ya kijani ikikonyeza, konyeza, konyeza, na picha ya kwanza ilipoonekana upande wa pili nilipiga kigelegele peke yangu. Ilikuwa picha ya fotokopi mbovu ya cheti cha mteja. Sikujali. Kwangu ilikuwa nzuri kuliko picha ya harusi.

Furaha hiyo haikumaliza juma. Zizi likaanza kuzima lenyewe. Asubuhi liko hai, mchana limekufa. Naliwasha, linafanya kazi, narudi kutoka dukani, kimya. Nikabadilisha waya. Nikapima betri. Nikaweka mfumo upya tangu mwanzo, nikasoma majukwaa ya mtandaoni ya watu wenye ndevu wanaobishana kuhusu mambo ambayo hayakuwa yangu. Nikamlaumu muuza vifaa wa Geita, nikamlaumu mdogo wangu aliyemwamini, nikalilaumu jua la Shinyanga, ambalo kwa kawaida halihitaji kusingiziwa. Siku moja nikarudi saa ya chakula kuchukua miwani niliyosahau. Nikakuta Zizi limevaa.

Kitambaa kilikuwa kizuri kweli, cheupe chenye maua ya njano, kimelifunika lote mpaka miguuni, hata matundu yake ya kutolea joto. Mama alikuwa akilivisha kila nikiondoka na kulivua kabla sijarudi, kwa sababu, aliniambia baadaye, alitaka kwanza kumaliza maua ya pembeni ndipo anionyeshe. Nikaligusa. Lilikuwa la moto kama pasi.

“Mama! Unaliua! Hili linapumua!”

“Linapumua?”

“Ndiyo! Joto linatokea hapa na hapa!”

Mama akainama akaweka kiganja chake kwenye matundu, akakiacha hapo, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyemfunika mtoto blanketi usoni. “Jamani,” akalinong'oneza Zizi, “pole.” Hasira yangu yote ikaishia hapo, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Siku iliyofuata akaja na kitambaa kingine. Hiki alikifuma kwa vipimo, kina madirisha mahali pa matundu na tundu la mviringo mbele kwa ajili ya taa. Zizi limevaa hicho mpaka leo na halijawahi kuzima tena kwa joto.

Lilizimwa kwa sababu nyingine. Mvua za kwetu haziji kwa upole, zinakuja na radi zake, na mama akiona wingu jeusi upande wa mashariki anaanza kazi. Anachomoa televisheni. Anachomoa redio. Anafunika kioo cha kabati kwa khanga, anamkataza kila mtu kuosha vyombo, anakaa katikati ya sebule mikono mapajani. Na Zizi nalo akalijumlisha. Nilimweleza kwamba liko kwenye sola, kwamba lina betri yake. “Radi haiulizi kama kitu kinakula kidogo au kinakula sana,” akanijibu. Tulibishana juu ya hilo masika yote, na kila wingu lilipokuja alishinda yeye, kwa sababu yeye yuko nyumbani na mimi niko dukani.

Kisha mdogo wangu akaja. Tulimwita aje kupanga mambo ya sendofu na mama, akashuka kwenye basi asubuhi na vumbi la Geita bado liko masikioni. Kabla hajakaa nilimnyang'anya simu, nikaiwekea programu, nikaiunganisha na waifai. Yeye anaangalia begani kwangu ananung'unika, “Dada, usinifutie vitu vyangu.” Nikamwambia vitu vyake ni mawe matupu. Nikamrudishia, nikamwagiza aichomeke ikae, nikakimbilia dukani ambako watu walikuwa wamepanga foleni ya fotokopi.

Zamani mgeni akifika kwa mama alipewa kigoda na maji ya kuoga. Siku hizi anaulizwa kwanza kama simu ina chaji. Hata habari za safari huja baadaye. Mama huipokea simu kwa mikono miwili, anaipeleka kwenye soketi, na hairudishi mpaka ijae. Kumsindikiza mgeni na simu nusu, kwake, ni kumsindikiza na njaa. Watu wa kanisani wameshazoea, wakija kwenye jumuiya wanakuja na chaja zao mkononi. Mdogo wangu alijaribu kubisha siku hiyo, kwamba anasubiri simu ya mteja wa mawe. Akaambiwa akae ale.

Alasiri wingu likaja. Nilifunga duka nikakimbia, nikafika nyumbani nimelowa nusu, nikakuta kila kitu kimechomolewa. Televisheni kimya, kioo kimevaa khanga, na Zizi, ndani ya kitambaa chake chenye madirisha, taa imekufa. Mdogo wangu alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu, simu mfukoni, anawahi gari.

“Mama! Leo? Leo pia?”

“Hukuisikia ile radi?” akaniuliza mama.

“Dada, usigombe,” mdogo wangu akasema. “Siku ya sendofu nakuja. Tutanakili.” Akakimbia na mvua yake.

Radi ilipopita nikalirudishia Zizi waya, taa ikawaka, wala sikuangalia ndani. Nilikuwa na hakika hakuna kitu. Nikiwa na hasira huwa nina hakika na mambo mengi sana.

Sendofu ikakaribia. Nilikuwa dukani na binti yangu tunachapa majina ya meza wakati namba nisiyoijua iliponipigia. Alikuwa mdogo wangu, kwa simu ya kuazima. Simu yake ilikuwa imemchomoka mfukoni ikatumbukia kwenye dimbwi la tope pale karashani, mahali wanapooshea unga wa mawe. Waliitafuta kwa mikono na kwa majembe. Waliipata, wakaizika ndani ya mchele siku nzima, wakaipeleka kwa fundi. Haikuamka.

Binti yangu alikuwa amesikia yote. Aliendelea kukata kadi kwa mkasi, taratibu, akizifuata zile pembe. “Basi mama,” akasema. “Tutamwombea tu.”

Afadhali angelia. Niliacha duka wazi nikaenda nyumbani kwa miguu yenye kisirani, nikamkuta mama kwenye kochi lake anafuma kitambaa cha meza ya maharusi. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia simu ya mwanawe imekufa na baba yumo ndani. Nikamwambia siku ile ilikuwa nafasi moja tu, na yeye, kwa ajili ya wingu, alichomoa. Nilisema kwa sauti ambayo mtu hasemi nayo na mama yake.

Mama alisubiri nimalize. Aliweka uzi chini. “Simu ya mwanangu ilikuwa imejaa,” akasema.

“Nini?”

“Ilikuwa imejaa. Ningempaje simu nusu, mayu, binti yangu, na njia yote ile ya Geita? Wingu nililiona. Nikachomoa televisheni, nikachomoa redio, nikafunika kioo. Simu nikaiacha. Nikakaa hapa naogopa, naiangalia, radi inapiga huko Ibadakuli, mara hapa hapa, mpaka ikaandika mia. Ndipo nikaichomoa.”

“Na Zizi?”

“Zizi nililichomoa mwisho. Lilikuwa bado linakonyeza, nikalingoja liache. Nilijua linakula. Nani anamkatiza mtu anakula?”

Nilipiga magoti mbele ya televisheni nikafungua kompyuta yangu ya mapajani, mikono inakosea nywila, mara ya kwanza, mara ya pili. Folda ya mdogo wangu ilikuwepo. Mawe. Mawe. Mawe kwenye ndoo. Mdogo wangu mwenyewe juu ya bodaboda isiyo yake, amevaa miwani ya jua. Mawe tena. Kisha folda ya sauti, na ndani yake faili moja, refu.

“Mama,” nikasema, “nisamehe.”

“Nimesikia. Muite mjukuu wangu.”

Tulisikiliza sisi watatu, milango imefungwa kama vile tunahesabu dhahabu. Kwanza zilisikika kelele za karasha kwa mbali, na sauti ya mdogo wangu: “Ongea baba, inachukua.” Kisha kimya. Kisha baba, karibu kabisa, kana kwamba amekaa kwenye kochi lenye kitambaa cha kijani:

“Marahaba.”

Tukatazamana. Nani alimwamkia? Ndani ya sauti mdogo wangu anacheka, anamwambia, “Baba, wao hawakusikii sasa hivi. Watasikia baadaye.”

“Na kujibu watajibu lini?”

“Hivyohivyo, baadaye.”

“Basi nawangoja,” baba akasema, na kweli akawangoja. Kila alipouliza kitu alinyamaza, akatupa nafasi ya kujibu kwa adabu, kisha akaendelea kana kwamba tumejibu. Mmeamkaje? Kimya. Haya, wabeja, yaani asanteni kwa Kisukuma chake. Mvua imenyesha? Kimya. Ee, afadhali. Binti yangu alielewa kabla yangu. Aliomba nirudishe mwanzo, akaketi wima, na kimya kilipofika akasema, “Shikamoo babu.”

“Marahaba,” baba akajibu.

Hapo ndipo nilipolia mara ya pili katika habari hii, lakini kilio hiki hakikuwa na kasoro yoyote. Binti alikuwa anacheka na kufuta macho kwa kitambaa cha jagi. Tukaendelea. Yale aliyomwambia mjukuu wake nitayaeleza yanapostahili. Mwishoni baba akauliza, “Mama yenu yupo hapo?” Kimya. “Mwambieni Jumapili narudi. Na yule jogoo wangu mwekundu asimguse.” Kimya kirefu. Kisha baba, ambaye aliishi na mama yangu tangu ujana na alimjua, akaanza kucheka mwenyewe.

Jogoo alikuwa ameshachinjwa. Nakumbuka. Mama aliwachinjia watu wa jumuiya, na Jumapili baba aliposhuka kwenye gari alikutana na manyoya mekundu uani, wakagombana kwa utani mwezi mzima, na utani huo ni kati ya vitu vya mwisho walivyofanya pamoja akiwa na afya. Nilimtazama mama. Kimya cha baba kilikuwa kimepita bila yeye kusema neno. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, macho kwenye taa ya kijani. Akasimama, akaenda jikoni, na hatukumfuata.

Jioni ileile nikagawa ng'ombe. Nakala moja kwenye flashi ya binti, moja dukani, moja kwa mkwe mtarajiwa bila kumwambia kilichomo, na mdogo wangu nikamwahidi mashine yake mwenyewe ya kuweka Geita, ili huku kukifagiliwa kule wabaki. Mama aliposikia nimepeleka hadi Maganzo akatikisa kichwa kukubali. “Sasa ndiyo unafuga,” akasema.

Siku ya sendofu ukumbi ulijaa. Binti yangu alikuwa ameshamnong'oneza mshereheshaji, na mshereheshaji akawaeleza watu: babu ataongea, babu anapenda kujibiwa, akinyamaza mjibuni. Watu wakacheka wakidhani ni mzaha. Muziki ukakatwa. Kwenye spika kubwa zikatoka kelele za karasha, na mdogo wangu, aliyekaa meza ya mbele na simu mpya shingoni kwenye kamba, akainamisha kichwa. “Ongea baba, inachukua.” Kimya. Binti yangu akainua mkono kama mwalimu wa kwaya.

“Shikamoo babu!” ukumbi mzima.

“Marahaba.”

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Kisha makofi, kisha wakanyamazishana ili wasipitwe. Mmeamkaje? Salama! Haya, wabeja. Mvua imenyesha? Imenyesha! Ee, afadhali. Wazee wa upande wa Maganzo, ambao hawakumjua baba hata kidogo, walikuwa wakijibu kwa sauti kuliko sisi.

“Sasa,” baba akasema, “mke wangu nimeambiwa amekua. Iko siku atatokea kijana. Kijana, upo?”

Bwana harusi akatazama huku na huku. “Nipo babu,” akasema.

“Simama. Huwezi kuongea na mume mwenzio umekaa.”

Ukumbi ukalipuka, na kijana wa watu akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka. “Haya,” baba akasema, kana kwamba amemwona. “Ng'ombe wa mahari mimi sikudai, hao watakudai wazazi wake. Mimi nakuambia moja. Huyu alipokuwa mdogo akilia, habembelezeki. Nilikuwa nambeba mgongoni nampeleka kuangalia ng'ombe wakinywa maji, ananyamaza. Akilia kwako mpeleke akaangalie ng'ombe. Kama huna ng'ombe, mpeleke hata kwa jirani. Umesikia?”

“Nimesikia babu,” kijana akasema.

“Haya. Mke wangu, wewe nenda. Nimekuruhusu.”

Binti yangu aliitikia kwa kichwa tu, mara nyingi, na kimya kile kikamtosha. Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa meza ya wazee, amevaa kitenge cha bluu, ameshika pindo la kile kitambaa alichokifuma, na nilijua kinachofuata, nikaogopa kwa ajili yake.

“Mama yenu yupo hapo?”

Kimya. Watu hawakujua wajibu nini. Wakageuka kumtazama.

“Mwambieni Jumapili narudi. Na yule jogoo wangu mwekundu asimguse.”

Mama akasimama. Mwanamke ambaye hata kanisani huomba kwa kunong'ona alisimama katikati ya ukumbi, akaziba sikio moja kwa sababu ya spika, akapaza sauti kama anamwita mtu ng'ambo ya mto:

“Nilishamchinja!”

Na baba akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, ukumbi mzima ukicheka naye, na mama hakukaa mpaka alipomaliza.